Mashine Imeniita Mama

Jumanne ya pili ya mwezi ule, kabla jua halijakausha hata soksi, ndiyo siku mambo yangu yalipokwenda mrama. Na yalikwenda mrama nikiwa nimevaa shati langu bora, nimelipiga pasi mwenyewe, kola imesimama kama askari wa zamu.

Kwa wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki jana, nikukumbushe. Mimi ni dobi. Mke wangu ndiye aliyefungua duka letu la kufua akaliita "Kwa Mama". Mungu alimchukua, nikabaki na mikono miwili, pasi mbili na mdomo usiojua kuzungumza na wateja, maana kazi ya kuzungumza ilikuwa yake. Halafu nyumba kubwa ya wageni iliyo mtaa wa nyuma ikaniambia hivi: mashuka yao yote yatakuwa yangu, mradi kufikia Ijumaa niwe na mashine kubwa ya kufulia. Nisipoipata, mashuka yanavuka barabara kwa dobi mwenzangu. Na yakivuka, kodi ya chumba sina, na "Kwa Mama" inatiwa kufuli.

Uliniacha nimekaa juu ya ndoo, kichwa mikononi. Sasa nimesimama. Twende.

Ofisi ya mikopo ina ubaridi wa kugandisha mate. Nilipokewa na binti mmoja mpole, kashika tableti. Si ile ya kumeza, ile ya kubonyeza.

"Karibu baba. Umekuja kwa mkopo?"

"Kwa mkopo, mwanangu. Mdhamini ninaye. Na pasi zangu mbili nimezileta kwenye mfuko, mzione."

Akacheka. "Baba, hayo ya zamani. Siku hizi hatuangalii mali. Tunaangalia tabia."

Jamani! Nusura nimkumbatie. Mali sina, lakini tabia? Uliza mtaa mzima. Hela ninazozikuta kwenye mifuko ya suruali za watu nazirudisha na mikunjo yake. Niliwahi kukuta pete ya ndoa mfukoni mwa suruali, nikairudisha. Tena nilimrudishia mwenye suruali, sikumpa mkewe. Mtu akinipita kwa tabia, basi huyo ni malaika, na malaika hawakopi.

"Basi mkopo nimeshapata," nikamwambia.

"Subiri baba. Kuna maswali kidogo. Ni ya kisaikolojia."

"Ya kisa gani?"

"Kisaikolojia. Yanapima moyo wako. Ukishajibu, mashine inajua kama wewe ni mtu wa kulipa au mtu wa kukimbia, hata kabla hujakopa."

Nikaketi vizuri. Maneno yakawa yanatokea moja moja kwenye kioo, na chini yake vitufe vitano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa".

La kwanza: *Mimi ni mwaminifu kuliko watu wengi ninaowafahamu.*

Sasa hapo ndugu msomaji nisaidie. Ungejibu nini? Mimi nimelelewa. Mtu mzima hasimami hadharani akajipigia debe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyekuwa akinisifu mimi ni marehemu. Mteja akiingia tu, utamsikia: "Mwachie mume wangu hilo shati, huyo hata vumbi linamwogopa." Mimi najifanya sisikii, nainama kwenye beseni, masikio yamenisimama. Ndivyo sifa zilivyo. Unasifiwa, hujisifu.

Nikabonyeza "sikubali".

La pili: *Ninatimiza kila ninachopanga.* Kila? Mimi ni nani? Mwanadamu hupanga, Mungu ndiye mwenye la mwisho. Nikabonyeza la katikati.

La tatu: *Mara nyingi nina wasiwasi.* Hapo nilibonyeza "nakubali kabisa" kwa nguvu hadi kioo kikalia. Mtu anayekopa bila wasiwasi huyo hakopi, anaiba.

La nne: *Huwa navutiwa sana na watu.*

Nikainua macho. Binti wa watu kaketi mbele yangu, ananitazama.

"Mwanangu, hili swali nani kaliweka?"

"Makao makuu, baba. Maana yake kupenda kuchangamana."

"Basi wangeandika kuchangamana! Mimi nimefiwa. Sivutiwi na mtu." Nikabonyeza "sikubali kabisa", na moyoni nikamwambia marehemu, umeona?

La tano: *Napenda kujaribu mambo mapya.* Dobi anayejaribu mambo mapya ndiye anayechanganya soksi nyekundu na shati la bwana harusi. Sikubali!

Yakaendelea hivyo mengi, nami nikajibu yote kwa adabu. Mwisho nikaweka mikono magotini, nikasubiri hela.

Kioo kikawa chekundu.

"Kimeungua?" nikauliza.

Binti akainamia tableti. "Hapana baba. Imeandika... hatari kubwa."

"Nani hatari?"

"Wewe, baba."

Sijafunga mdomo, mlango ukafunguliwa akaingia shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mtaani anaitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila anayemdai. Suti aliyovaa niliitambua mara moja, ilikuwa ya mteja wangu. Aliiazima kwangu hadi kesho, na huo ulikuwa mwezi uliopita.

"Shemeji! Na wewe umo?" Akaketi, akakunja nne, akavuta tableti kama mtu anayevuta sahani yake. Na Kesho hajui kusoma kimya.

"Mwaminifu kuliko wengi? Weka kuliko wote! Natimiza ninachopanga? Hata nisichopanga! Wasiwasi? Ndiyo nini hiyo? Navutiwa na watu?" Akamkonyeza binti. "Mno!"

Kioo kikawa kijani. Kikapiga na muziki. *Mteja bora.* Kabla hajasimama, simu yake ikalia ndani ya suti ya mteja wangu. Hela zimeingia.

Msomaji, nilisikia kitu kinapanda kutoka kwenye kisigino. Nikajikuta nimeshaingia ofisi ya Meneja, hodi nimeipiga nikiwa ndani.

Meneja alikuwa kwenye kile kiti kinachozunguka.

"Mkubwa, yule mnayempa hela namdai mimi! Anadaiwa na fundi viatu. Anadaiwa na kinyozi, ndiyo maana nywele ziko vile!"

"Mzee wangu, tulia. Mashine haina upendeleo. Haiangalii sura ya mtu."

"Hilo ndilo tatizo! Ingeiangalia ingemjua!"

"Ni sayansi, mzee. Inasoma undani wa mtu."

"Undani wangu umesomwa kwa herufi za kinyume."

Akazungusha kiti akatazama dirisha. "Rudi baada ya miezi sita. Pengine utakuwa umebadilika."

Wakubwa, ee wakubwa! Viti vyao vinazunguka, maneno yao yanazunguka, hela zetu zinazungukia kwao. Mimi naomba kitu kimoja tu kinachozunguka, mashine ya kufulia, naambiwa nikabadilike kwanza.

Kesho akanifuata barabarani, anakimbia kwa uangalifu asipasue suruali isiyo yake.

"Shemeji, najua ulivyojibu. Umejibu kama mkwe mbele ya mkwewe! Kule hawapimi heshima. Kule jisifu kama unaposa."

"Sijui kujisifu."

"Nitakufundisha. Siku hizi unajaza hata kwenye simu. Tumia simu ya duka, ile aliyokuwa akishika dada. Mashine haitakujua. Na uandike duka, usijiandike wewe. Deni lako mimi nitakulipa..."

"Usiseme!"

"...kesho."

Kwenye kibaraza cha pili kutoka duka langu anauza Mama Vifungo. Vifungo, zipu, nyuzi, na maneno. Maneno anayatoa bure. Alipoona Kesho amenisimamisha mbele ya kamba ya nguo, akavuta kigoda karibu.

"Sema," Kesho akaamuru, "mimi ni mwaminifu kuliko wote."

"Watu husema kwamba mimi..."

"Siyo watu! Wewe!"

"Mimi... sijambo kwa uaminifu."

"Unaamkiwa? Rudia!"

Nikayatazama mashati ya watu yaliyoning'inia. Nikavuta pumzi. "Mimi ni mwaminifu kuliko wote!"

Shati moja likachomoka kwenye kibanio likaanguka chini.

"Hata shati limekataa!" Mama Vifungo akashika mbavu. "Dobi, acha! Utazikausha nguo kwa aibu!"

Nililifua lile shati upya, nacheka na kulia kwa pamoja. Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Sauti yenyewe ilinishtua, nikageuka kutazama nani anacheka.

Jumatano asubuhi Kesho hakutokea. Ulitegemea nini, na jina lile? Nikashika simu ya duka peke yangu. Ukurasa wa kwanza wakauliza jina la biashara. Nikaandika: Kwa Mama. Wakauliza hali ya ndoa. Hajaoa. Ameoa. Na mengine, na mwisho kabisa mawili: *mgane*, *mjane*.

Mgane?

Nikasema, wakubwa na elimu yao yote, neno "mgeni" limewashinda kuandika. Na mimi si mgeni, nimezaliwa mtaa huu. Nikabonyeza "mjane", maana hivyo ndivyo ninavyoitwa na kila mtu tangu nifiwe: yule dobi mjane.

Sasa yakaja maswali, yale yale. *Mimi ni mwaminifu kuliko watu wengi.* Nikanyoosha kidole kwenda "nakubali kabisa". Nakuapia, kidole kilifika nusu ya njia kikasimama. Ukutani ipo picha ya marehemu, ananitazama na lile tabasamu lake la upande mmoja, kama anasema: haya, jisifu nikuone. Sikuweza. Kidole kikarudi chenyewe kwenye "sikubali".

Nikajibu yote kama Jumanne, moja baada ya jingine, wasiwasi wangu na soksi zangu nyekundu. Nikafunga macho kungojea kuitwa hatari kwa mara ya pili.

Muziki ukalia!

Kufungua macho, kijani. Kijani na maua! *Hongera Mama!*

Nikadhani wanalipongeza duka. Nikasimama, nikaruka, nikagonga kichwa kwenye kamba, nguo za ndani za familia moja ya heshima zikanifunika uso. Sikujali.

Simu ya Mama Vifungo ikalia, maana nilimwandika yeye kama jirani wa kuulizwa. Nikasogea na beseni langu tupu, najifanya namwaga maji.

"Ndiyo, mjane huyo namfahamu sana," namsikia. "Alifiwa, lakini hakulegea. Anaamka mapema. Ana mikono safi. Hana makuu, hana kelele, hana mgeni wa ajabu ajabu. Akikuambia leo ni leo. Nikimwambia anakopesheka anakataa, ana aibu, lakini mimi nakuambia: mpeni!"

Mjane, ana, ana, hana, hana. Katika maneno yote yale, lugha yetu tamu haikusema hata mara moja kama huyo mwenye "ana" ni mwanamume au mwanamke. Aliyepiga hakuuliza. Aliyejibu hakudokeza. Na mimi nimesimama pale na beseni, macho yananiwasha, kwa sababu tangu marehemu aondoke nilikuwa sijasikia mtu akiniuza vile.

"Umesikiliza?" Mama Vifungo akakata simu.

"Nilikuwa namwaga maji."

"Beseni halina maji, Dobi."

Alhamisi mashine ikaja. Hela hazikupita hata mikononi mwangu, walimlipa muuzaji moja kwa moja, naye akaileta kwa mkokoteni, nyeupe, ina mlango wa duara kama jicho la samaki. Mafundi wakaiunganisha na maji na umeme. Nikatia aproni yangu kwa majaribio, nikabonyeza. Ikanguruma, ikatetemeka, ikaanza kutembea. Naapa! Ikatoka ukutani ikaja sakafuni taratibu, kama mama mkwe anayekuja kukagua sufuria.

"Ishike!" Mama Vifungo akapiga kelele.

Nikaikumbatia. Tukatetemeka wote, mimi na yeye, meno yangu yanagongana, nacheka. Kesho akatokea saa hiyohiyo, kama kawaida yake kazi ikiisha, akaweka matofali chini ya miguu ya mashine, ikatulia. Mgala muue na haki mpe.

Ijumaa asubuhi mashuka ya nyumba ya wageni yakaletwa, mlima mzima. Nikajaza mashine tumbo zima, nikafunga jicho lake, nikabonyeza, likaanza kuzunguka. Mama Vifungo kaja na makopo yake kutazama, Kesho naye yumo. Nikaketi juu ya ndoo yangu ileile ya wiki jana nikajiona tajiri.

"Hodi! Samahani, namtafuta mama mwenye duka. Yule mjane."

Nikageuka. Ni yule binti wa tableti.

"Baba! Wewe tena?"

"Karibu mwanangu! Njoo uone hatari kubwa inavyofua!"

Hakucheka. Akachungulia nyuma yangu. "Mama mjane yuko ndani?"

"Mjane ni mimi."

"Baba, mjane ni mwanamke. Wewe ni mgane."

"Nani mgeni? Mimi nimezaliwa hapa!"

"Siyo mgeni. Mgane! Mwanamume aliyefiwa na mkewe."

"Tangu lini?"

"Tangu kamusi!"

Nikamtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo akamtazama Kesho. Kesho akatazama viatu vyake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia. Nimeoa, nimefiwa, nimeota mvi, kumbe neno langu lipo na hakuna aliyewahi kunipa.

Binti akaketi juu ya gunia la nguo chafu, akafungua tableti, akaanza kupandisha na kushusha kidole. Mara akashika mdomo.

"Baba, majibu ni yale yale. Ya Jumanne na ya Jumatano. Hujabadilisha hata moja!"

"Sasa ningebadilisha moyo kwa siku moja?"

"Sikiliza." Akasoma, sauti inapanda. "Wasiwasi. Ulipokuwa mwanamume: ana msongo, atakimbia deni. Ulipokuwa mjane: ni mwangalifu, anawaza marejesho."

"Enhe?"

"Kutojisifu. Mwanamume: hajiamini. Mjane: mnyenyekevu. Kutovutiwa na watu. Mwanamume: mpweke, hana wa kumsaidia. Mjane: ametulia, ana staha."

"Na soksi nyekundu?"

"Soksi gani?"

"Mambo mapya!"

"Mwanamume: hana ubunifu. Mjane: hachezei mtaji."

Kicheko kilianzia kwa Mama Vifungo. Kikaja kwangu, kikanichukua mzimamzima, nikateleza kwenye ndoo nikaingia ndani yake, makalio yamo, miguu hewani. Kesho ananivuta mikono, naye anacheka, tunavutana ndoo inafuata. Sayansi! Undani wa mtu! Moyo ule ule, adabu ile ile, nikivaa suruali ni mwizi, nikivaa neno moja tu ni mtakatifu!

Binti peke yake hacheki.

"Baba, usicheke. Ule ni mkopo wa wajane peke yao. Wakijua, unafutwa. Mashine inachukuliwa."

Kicheko kikakatika kama umeme. "Lini?"

"Siku wakijua."

"Mashuka yamo ndani! Yanazunguka!"

"Na mimi niliandika kwamba nimekutembelea nikakukagua."

"Ulinitembelea lini, mwanangu?"

"Kwa moyo," akasema, akainamisha kichwa. "Wateja ni wengi, baba. Miguu ni miwili."

"Basi wasijue," Kesho akasema. "Nani atawaambia? Mimi?"

"Hamjanielewa." Binti akasimama. "Mjane wa duka hili amepata alama za juu kuliko wateja wote wa matawi yote. Wamempa jina. Mama wa Mfano. Wanataka sura yake kwenye mabango. Mkurugenzi mwenyewe yuko njiani na mpiga picha. Mimi nimetangulizwa kumwandaa mama apake poda!"

Hapo ndipo duka lilipogeuka soko.

"Shemeji, dawa iko!" Kesho akapiga kofi. "Tunakufunga kitambaa kichwani, tunakugeuza upande wa..."

"Nitakupiga pasi ukiwa ndani ya hiyo suti!"

"Basi Mama Vifungo! Mama, kaa hapo, wewe ndiye mjane, dakika mbili tu."

"Mimi?" Mama Vifungo akasimama na makopo yake, vifungo vikamwagika vikaviringika kila upande. "Mume wangu mzima, yuko nyumbani anakunywa chai! Mnitangaze mjane kwenye mabango, jioni ataniuliza nimemzika wapi!"

"Tuseme anaumwa," binti akasema.

"Mwanangu, nawe!"

"Tuseme kasafiri," akasema Kesho.

"Kwenda wapi?"

"Kokote! Aliyesafiri haulizwi."

Wote wanazungumza kwa pamoja, mashine inanguruma, Mama Vifungo anaokota vifungo kwa magoti, mimi niko katikati na mikono yenye povu. Na nitakuambia la kweli, kwa kuwa gazeti hili ndilo padri wangu. Kwa kitambo kifupi, nilitamani uongo wao. Tuseme kasafiri. Tuseme ametoka kidogo, ameenda kununua sabuni, anarudi. Niliupenda uongo ule si kwa sababu ya mashine.

Gari likasimama nje. Jeusi, lina vioo vyeusi, lilifuliwa na mtu anayejua kazi yake.

Akashuka Mkurugenzi, mrefu, uso wa mtu asiyewahi kupanga foleni. Nyuma yake Meneja, yule yule, bila kiti chake anaonekana mfupi. Nyuma yao mpiga picha, na shada la maua lililobebwa kama mtoto.

Meneja akaniona. Uso wake ukaanza kuhesabu: nimemwona wapi huyu? Nikajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, nikimwombea asikumbuke.

Mkurugenzi akasoma kibao juu ya mlango. Akakirudia kwa sauti, polepole, kama mtu aliyekipenda. "Kwa Mama." Akaingia. Akaiona mashine, akaipapasa. Akayaona mashati niliyoyapiga pasi, akagusa kola moja.

"Kazi safi," akasema. "Safi sana. Nimesoma majibu yake usiku kucha, mwenyewe. Nikamwambia mke wangu, laiti tungekuwa na wateja mia moja wenye moyo kama wa mama huyu."

Mama Vifungo kapiga magoti chini, ngumi zimejaa vifungo. Kesho anachunguza dari kama anataka kuinunua. Binti kaikumbatia tableti kifuani, midomo inamcheza. Meneja bado ananihesabu.

Mkurugenzi akapokea shada. Macho yake yakapanda ukutani, yakakutana na picha ya marehemu, na lile tabasamu la upande mmoja. Akatabasamu naye.

"Ah, ndiye huyu!"

Mashine ikamaliza. Ikazunguka mara ya mwisho, ikapunguza, ikasimama. Duka zima likawa kimya, ukimya ambao sikuwahi kuusikia humu ndani tangu siku tulipotoka makaburini.

Mkurugenzi akanigeukia mimi. Mimi tu, kati ya wote. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulionimaliza. Nikisema kweli, mashine inatoka na mlango unafungwa. Nikisema uongo, nitakuwa nimemkana marehemu mbele ya picha yake mwenyewe. Wateja wangu wote waliujua msiba. Tangu nimzike, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza lile swali.

"Mzee," akasema, shada la maua mkononi. "Mama mwenyewe yuko wapi?"